Nilichokwenda Kununua Kibuye

Ndugu zangu, mama zangu, nawasalimu kwa jina la Bwana aliyetufikisha hapa leo tukiwa wazima. Mwenyekiti wa kikundi chetu ameniomba mara tatu nisimame mbele yenu, na mara zote tatu nilimwambia kifua kinanisumbua. Kifua hakinisumbui. Nilikuwa naona aibu. Wengine wenu mmesimama hapa mkatoa ushuhuda wa pombe, wengine wa ugonjwa, na hayo mtu akisikia anaelewa pale pale. Mimi niliangushwa na saa za ukuta. Naona mama pale nyuma anacheka. Cheka tu, mama, hata mimi siku hizi nacheka. Ila sitamtaja mtu yeyote kwa jina, kwa sababu wengi waliomo katika habari hii bado wako hapa mjini, na wengine tunaabudu nao.

Wengi mnaniita mzee wa bandari. Nilikuwa karani wa mizigo hapa bandarini Kisumu tangu nikiwa kijana. Kazi yangu ilikuwa kukagua. Meli ikiingia kutoka Mwanza au Bukoba, mimi ndiye niliyesimama pale na karatasi zangu, nafungua gunia hili na lile, nanusa kahawa, nagonga kreti kwa kalamu nisikie kama ndani kuna kilichovunjika. Wenzangu walikuwa wakisema huyu mtu huwezi kumpitishia kitu kibovu. Nawaambia haya mapema ili msije mkadhani nilidanganywa kwa sababu sikujua vitu. Vitu nilivijua sana.

Lakini nyumbani sikuwahi kununua hata kiberiti. Mke wangu ndiye aliyenunua kila kitu, kuanzia chumvi hadi viatu vyangu. Alikuwa akishona sare za shule kwa cherehani ya miguu aliyoiweka chini ya dirisha la sebule, apate mwanga. Nikirudi kutoka kazini, nausikia mlio wa cherehani kabla sijafika mlangoni. Nikiingia ananiuliza bila kuinua macho, "Baba, leo meli gani imeingia?" Namwambia. Ananiuliza ilileta nini. Namwambia. Tuliongea hivyo miaka na miaka, na mimi nikadhani ni maneno tu ya kupitisha wakati.

Akaugua miaka ya themanini inapoelekea kwisha. Mvua ndefu zilipoanza alikuwa kitandani, na zilipokatika tulikuwa tumeshamzika kwetu, upande wa Maseno. Siku chache kabla ya kutuacha aliniambia jambo moja tu la mali. Alisema, "Ile cherehani ni ya mtoto." Nikamwambia nimesikia. Mtoto tuliyebaki naye alikuwa mmoja, binti yetu, naye alikuwa ameolewa Nakuru. Baada ya matanga akarudi kwa mume wake, nami nikarudi kwenye nyumba yangu ya kupanga hapa Kisumu. Cherehani ilibaki chini ya dirisha, nimeifunika kwa kitambaa, nikingoja siku binti atakapopata namna ya kuibeba.

Miaka michache baadaye kazi nayo ikapungua. Meli zilikuwa zinakuja kwa kusuasua. Tukaitwa ofisini mmoja mmoja, tukapewa mkono na barua ya kuachishwa kazi. Mkubwa wangu alikuwa kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe, na alipokuwa akinipa mkono hakuweza kunitazama.

Sasa, ndugu zangu, sijui ni wangapi hapa wanajua siku isiyo na mtu inavyokuwa. Unaamka, unanyoa ndevu, unavaa shati safi, halafu unakaa. Unasikia mama wa jirani akiwaita watoto wake. Unasikia mtu akicheka barabarani, unajikuta unatabasamu, halafu unakumbuka kwamba hakucheka na wewe. Majirani zangu walikuwa wema, lakini wema wetu uliishia mlangoni. Mzee, habari? Nzuri. Basi. Alasiri moja muuza mkate alipita, nikafungua mdomo kumjibu, sauti ikatoka imekwaruza kama ya mtu aliyelala. Hapo nikajua kwamba hilo ndilo neno langu la kwanza tangu asubuhi. Niliununua ule mkate nami nilikuwa na mwingine ndani.

Nadhani nilianzia pale. Lakini nilichokikumbuka kwa muda mrefu ni sufuria.

Nilikuwa nimeunguza sufuria yangu ya ugali, na Jumapili moja baada ya ibada nikaenda soko la Kibuye kutafuta nyingine. Mnajua Kibuye ya Jumapili, nguo zimetandazwa hadi barabarani na kila mtu anaita. Mimi niliogopa. Nilikuwa sijui hata pa kuanzia. Nikasimama mbele ya mama mmoja mnene aliyekaa katikati ya vyombo vyake, nikachukua sufuria, nikaigonga kwa kucha kama nilivyozoea.

Akaniuliza, "Mzee, mama hajakuja?"

Nikamwambia, "Mama alishapumzika."

Akaiweka chini ile aliyokuwa akiipangusa. Akasema, "Pole sana, baba. Na nani anakupikia?"

"Najipikia."

"Unajua kupika ugali wewe?"

Nikacheka. Nikamwambia ugali wangu unakuwa na madonge kama mchanga wa ufuo wa Dunga. Akanifundisha pale pale, kwa mikono, jinsi ya kuongeza unga. Akaniuliza kwetu ni wapi. Akanitajia ndugu yake aliyeolewa huko huko. Nilikaa pale nusu saa nzima, na nilipoondoka na sufuria yangu nilitembea kama kijana. Nilipofika nyumbani nikaiweka mezani, nikaitazama, nikasema kwa sauti, "Hii ni sufuria nzuri sana." Nikaamini kwamba sufuria ndiyo iliyonifurahisha.

Basi Jumapili iliyofuata nikarudi. Sikuwa na haja ya kitu. Nikanunua kifuniko. Iliyofuata nikanunua ungo, mimi nisiyepepeta chochote.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwa muuza saa. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini, si kama wale wanaokuvuta shati. Aliuza saa za ukuta, redio, pasi za mkaa, taa, vitu vilivyotumika. Siku ya kwanza sikununua, na hakunikasirikia. Siku ya pili aliniita, "Jaduong' wa bandari, umekuja." Jaduong', kwa nyinyi mnaotoka upande wa pili, ni mzee wa kuheshimiwa. Sijui aliulizia wapi habari za bandari. Lakini kusikia mtu ananijua katikati ya umati ule, ndugu zangu, kulinivuta hadi mezani kwake. Siku ya tatu nikakuta ameniwekea stuli.

"Keti mzee. Kununua si lazima. Wewe keti tu tuongee."

Nikaketi. Tukaongea habari za meli, habari za serikali, habari za mke wake aliyekuwa mjamzito kule Yala. Na katikati ya maongezi akaingiza mkono chini ya meza, akatoa saa iliyofungwa kwa gazeti.

"Hii sijamwonyesha mtu," akasema. "Nimekuwa nakungoja wewe, kwa sababu wewe ni mtu anayejua vitu."

Niliichukua nikaikagua. Kutu ilikuwa imeingia kwenye springi. Niliiona kwa macho yangu haya, yaliyokagua mizigo ya nchi tatu. Mkono wangu ulijua. Lakini kichwa kikaanza kuutetea ubaya wake: kutu ni kidogo, mafuta yataondoa, halafu nitamkatalia vipi mtu aliyenipa kiti? Nikainunua. Ilitembea siku nne ikasimama.

Je, niliacha? Sikuacha. Nilianza kujiambia kwamba saa ni mali, kwamba wajukuu wangu watahitaji. Nilimwambia jirani kwamba saa ile ni ya kigeni, ya zamani, haipatikani tena. Kila nilivyoisifu ndivyo nilivyoamini. Nimekuja kujua baadaye kwamba mtu akishanunua kitu ovyo, anakuwa wakili wa kile kitu, maana akikubali kitu ni kibovu itabidi akubali na mengine.

Palikuwa na mwanamke mmoja upande wa pili wa njia, aliuza mablanketi mazito, mazuri, kwa bei ya haki. Baridi ya mvua ilikuwa inaniuma na blanketi langu lilikuwa limechakaa. Sikununua kwake hata siku moja. Mnajua kwa nini? Yeye hakuwa mtu wa maneno. Unauliza bei, anakutajia, anakunja mikono. Mimi nikasema moyoni, yule ana maringo, mablanketi yake lazima yana kasoro. Nilikuwa nimelihukumu blanketi kwa mdomo wa muuzaji.

Na muuza saa alinisoma vizuri kuliko nilivyosoma karatasi zangu. Alijua kwamba nikiona mtu mwingine ameshika kitu, nakitaka. Siku moja nilikuwa nimeiacha pasi ya mkaa, nikamwambia sina haja. Akaja mtu mwingine, akaichukua, akaipindua, akauliza kama inauzwa. Moyo wangu ukaruka. Nikasema, "Hiyo ni yangu, nilishaisemea." Yule mtu akaiweka akaenda zake. Wiki mbili baadaye nikamwona akimsaidia muuza saa kufunga mizigo. Niliona, nikaelewa, nikanyamaza. Ningeuliza, ningepoteza stuli yangu.

Nyumba ikajaa. Saa ukuta mzima, kila moja na wakati wake. Taa za aina aina. Redio mbili zisizoshika kituo. Ungo. Viatu vya mpira vya mtu mwenye mguu mkubwa kuliko wangu. Nilipita ubavu ubavu kwenda kitandani. Na katikati ya wingi wote ule, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, hakuna mtu aliyeniita kwa jina.

Sasa nafika mahali pagumu, mnivumilie.

Muuza saa akapata redio kaseti kubwa, ya spika mbili, inang'aa. Aliiwasha, watu wakakusanyika, na mimi kwenye stuli yangu nikajiona kama mwenye redio tayari. Vijana wakaniambia, "Mzee, hii inakufaa wewe." Wageni kabisa, wananitazama, wananingoja niseme neno. Nikasema sikuja na cha kutosha. Muuza saa akasema kuna mwalimu wa chuo kule Maseno anaitaka, atarudi wiki ijayo. Halafu akainama, akaniuliza kwa upole wake ule ule, "Mzee wangu, kwani nyumbani hakuna kitu kimekaa tu, hakitumiki?"

Nikamwambia ipo cherehani.

Hakunilazimisha. Nataka mjue hivyo. Alisema, "Fikiria tu, mzee." Nami nikaenda mwenyewe, nikatafuta mkokoteni mwenyewe, nikaondoa kitambaa mwenyewe. Mwenye mkokoteni aliniuliza, "Mzee, hii ni ya mama?" Nikamwambia, "Mama haitumii." Njia nzima nilitembea nyuma ya mkokoteni nikiwaza vijana watakavyonipigia makofi nikiichukua ile redio.

Walipiga makofi kweli. Halafu wakatawanyika.

Nilipofika nyumbani niliiweka redio pale pale chini ya dirisha. Sakafuni palikuwa na alama nne, miguu ya cherehani ilipokuwa imekaa miaka yote ile, sementi ya pale ni nyeupe kuliko kwingine. Nikawasha redio. Ikaimba. Nikaizima. Nikakaa kwenye kiti nikazitazama zile alama nne hadi giza likaingia chumbani, na sikuinuka kuwasha taa, mimi mwenye taa nyingi kiasi kile.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kibuye mikono mitupu, natafuta tu mtu wa kuongea naye. Kwenye stuli yangu alikuwa amekaa mzee mwingine, mwenye kofia ya kijivu, ameshika saa iliyofungwa kwa gazeti. Muuza saa aliniona. Akasema, "Karibu, mzee. Leo umekuja na nini?" Nikamwambia nimekuja kusalimia tu. Akasema vizuri, vizuri. Nikasimama pale. Baada ya kitambo akanigusa mkono, kwa adabu kabisa, akaniambia, "Mzee, sogea kidogo kasitoma aone."

Nikasogea. Nikaendelea kusogea hadi nikatoka sokoni.

Tangu siku ile sikwenda popote, hata kanisani. Wengine wenu mlidhani nimehamia nyumbani Maseno. Nilikuwa hapa hapa mjini, nimefunga mlango. Nilikula mara moja kwa siku, nilipokumbuka. Magugu maji yalikuwa yameziba ziwa mwaka ule, na nilikuwa nikisema, hata meli sasa haziwezi kufika, mimi ni nani.

Ndipo binti yangu akaja. Alikuja Jumatano asubuhi na begi moja. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, sitaeleza zaidi, hayo ni yake. Alibisha, nikafungua, na mlango haukufunguka wote kwa sababu ya mizigo nyuma yake. Aliingia kwa ubavu. Akasimama katikati, akatazama ukuta, akatazama sakafu. Akatazama chini ya dirisha.

"Baba, cherehani ya Mama iko wapi?"

Nikamwambia niliitoa.

"Uliitoa ukampa nani?"

"Nilibadilishana. Na ile redio."

Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga kelele. Aliketi juu ya begi lake, kwa kuwa viti vilikuwa vimejaa vitu, akasema, "Mimi nimekuja nayo kichwani njia yote. Nimesema nikifika nitashona, sitakuwa mzigo kwa mtu."

Akainuka, akaanza kuvishika vile vitu kimoja kimoja. Akachukua ungo. "Hii ni ya nini, Baba?"

Nikamwambia, "Huyo mama ni mtu mzuri. Ana ndugu yake ameolewa kwetu."

Akachukua taa. "Na hii?"

"Huyo anatoka Ahero. Alipoteza ng'ombe wawili kwa mafuriko, alinieleza yote."

Akachukua saa. "Na hii?"

"Huyo mke wake alijifungua mapacha, kule Yala."

Akaishusha ile saa polepole. Akanitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza tangu aingie. Akasema, "Baba, mimi nakuuliza vitu. Wewe unanijibu watu."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipozinduka. Nimesikia mahubiri mengi maishani, lakini sijawahi kusikia neno likiingia namna ile. Nilikaa chini nikalia mbele ya mtoto wangu, jambo ambalo sikulifanya hata tulipomzika mama yake.

Aliningoja nimalize. Halafu akaniuliza, "Kwa nini hukuniandikia?"

"Ulikuwa na nyumba yako."

"Nami sikukuandikia," akasema, "kwa sababu nilijua wewe una kazi zako." Kumbe kila mmoja alikuwa anamhurumia mwenzake kwa kumnyamazia.

Jumapili iliyofuata tukaenda Kibuye wote wawili kuifuata cherehani. Muuza saa alimwona binti yangu, akainamisha macho. Alisema iliuzwa siku ile ile, kwa mama mmoja wa Dunga anayeuza samaki. Tukaenda Dunga. Tulimkuta chini ya kibanda cha mabati, amefunga leso kiunoni, na cherehani ya mke wangu iko pembeni, imefunikwa vizuri. Nikamweleza. Nikamwomba aturudishie, nikamwahidi redio na kila kitu changu badala yake.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Baba, siwezi. Niliitafuta kwa muda mrefu. Nilipita nyingi mpya, nikachukua hii kwa sababu niliona hapa." Akaonyesha kanyagio, chuma kilivyolika na kung'aa. "Kitu kimetumika hivi na bado kinaimba, basi mwenyewe alikuwa anakipenda. Sikununua maneno ya muuzaji. Kwanza yeye alinisifia nyingine."

Nikasikia haya, mimi karani wa mizigo. Mama wa samaki alikuwa ametazama kitu chenyewe.

Binti yangu alikuwa amekwisha piga magoti, analigusa lile kanyagio. Yule mama akamtazama. Akamwuliza, "Unajua kushona?" Akasema anajua. "Kushona nini?" "Sare. Mama alinifundisha kwa hii." Mama wa Dunga akapangua samaki wake, akapanga tena. Halafu akasema, "Asubuhi mimi niko ufuoni na samaki, cherehani inalala. Njoo asubuhi. Uzi ununue wako."

Cherehani haikurudi nyumbani hadi leo, na mimi nimeacha kuiomba. Lakini binti yangu alishona pale kila asubuhi, na sasa wale wawili wanashona pamoja, na watoto wengi wa shule za kule wamevaa kazi ya mikono yao. Huyo mama ndiye aliyetuambia habari za kikundi hiki. Mimi nilikataa. Alikuja akanichukua.

Sikupona siku moja. Nilianguka tena mwezi ule ule, nilitoroka nikanunua kandili, nikaificha chini ya kitanda kama mlevi. Binti akaiona, akaniuliza tu, "Huyu anatoka wapi?" Nikamwambia anatoka Kakamega. Tukacheka wote wawili, na nadhani kicheko kile kilinisaidia kuliko kugombezwa.

Halafu akasema tuviuze vyote. Tukatandika gunia Kibuye, mbali na muuza saa, na kwa mara ya kwanza nikakaa upande wa pili. Nikaona watu wanavyokuja. Mwingine anajua anachotaka, anakitazama, anaondoka nacho. Mwingine hajui, anatazama mwenzake ameshika nini. Na saa sita hivi akaja yule mzee wa kofia ya kijivu. Akachukua saa yangu ile yenye kutu. Akaanza kuniuliza, ninatoka wapi, nilikuwa nafanya kazi gani, mama yuko. Maswali yalitoka haraka haraka, kama mtu anayeogopa utamkatiza. Mikono yake ilikuwa imeishikilia saa, lakini macho yake yalikuwa usoni mwangu.

Ningemuuzia. Angenunua pale pale. Nikamwambia, "Mzee, weka hiyo chini, springi imekufa. Kuna chai kwenye chupa. Keti."

Aliketi mpaka soko likafungwa. Alikuwa mwalimu mstaafu, mke wake amefariki, watoto Nairobi. Leo hayuko, mguu unamsumbua, lakini kila Jumapili alasiri anakuja kwangu, na amewaleta wengine wawili.

Nawashukuru. Mwenyekiti, kwa kunikera mara tatu. Mama wa Dunga, ambaye amejificha nyuma ya nguzo ile nisimwone. Binti yangu, aliyeniuliza badala ya kunihukumu. Hata muuza saa simlaumu. Alikuwa na mapacha wa kulisha, na kiti alichonipa kilikuwa kiti kweli.

Kama nina funzo, ni hili. Ukiwa sokoni na moyo unakwenda mbio juu ya kitu, kiache mkononi kidogo ujiulize: ningekuwa na mtu ananingoja nyumbani, ningekitaka? Mimi kwa miaka ile jibu lingekuwa hapana, kila mara. Na nyinyi mlio na nyumba zilizojaa watu, mkimwona mzee anapatana bei ya kitu kidogo kwa muda mrefu mno, msimcheke na msipite. Mwulizeni alitoka wapi.

Bado kuna siku nyumba inanyamaza, sitawadanganya. Binti huwa Dunga hadi alasiri, na asubuhi ni ndefu. Siku hizi nikiona hivyo natoka nabisha kwa jirani. Mara ya kwanza alidhani nimekuja kuazima kitu. Nikamwambia sitaki kitu. Akanivutia kiti.

Mimi ninaishi nyuma ya kinu cha unga, mlango wa kijani. Jumapili, baada ya ibada, chai ipo. Njooni, na tafadhali, msiniletee kitu chochote.